Kinasa Sauti: Pima Umbali wa Mdomo Kabla ya Kusoma Boksi

Nina rekodi ya dakika 52 niliyoifanya Pangani, sebuleni kwa bibi mmoja ambaye baba yake aliletwa zamani kukata mkonge, enzi za manamba. Kinasa sauti nilikiweka mezani, hatua mbili kutoka kwenye kiti chake, na pangaboi likizunguka juu yetu kwa sababu ya joto. Dakika ya 41 nikamuuliza baba yake alitokea kijiji gani huko bara. Bibi akanyamaza kidogo, akashusha sauti kama wanavyofanya wazee wanapomtaja marehemu, akalitaja jina. Mimi mwenyewe nililisikia vizuri, nikaitikia, wala sikuliandika daftarini kwa kuwa mashine ilikuwa inanasa. Siku tatu baadaye nikakaa kunukuu. Nikakuta mvumo wa pangaboi, halafu silabi moja tu ya mwisho, "-ni", ambayo ndiyo inayomalizia majina ya vijiji vyetu vingi mno. Bibi alifariki kabla sijarudi, na wajukuu zake walikuwa wanaitegemea rekodi hiyo iwaambie kwao ni wapi.

Kinasa kile hakikuwa kibovu. Kilikuwa kipya, na boksi lake lilijaa namba za ubora. Ndiyo maana watu wanaponiuliza wanunue kipi, wanafunzi wanaokwenda kukusanya data, waandishi wa habari wachanga, makatibu wa vikao vya ukoo na vya ushirika, huwa siwatajii jina la mashine kwanza. Nawauliza: ni sauti ya nani, atakuwa amekaa wapi, na nani ataisikiliza rekodi hiyo miaka kumi ijayo?

Mkanganyiko mwingi unaanzia kwenye jina. Tunaita "kinasa sauti" mashine za koo mbili tofauti, na duka linazipanga kwenye rafu moja. Ukoo wa kwanza ni wa ofisini. Thomas Edison alipotengeneza mashine yake ya kunasa sauti mwaka 1877, kazi ya mwanzo aliyoifikiria ilikuwa kuandikisha barua kwa mdomo, si muziki. Jina "Dictaphone", ambalo wengi wanadhani ni la kifaa chochote cha aina hii, lilikuwa alama ya biashara ya kampuni ya Columbia ya Marekani, iliyosajiliwa mwaka 1907. Bosi anaongea mdomo ukiwa karibu na mashine, karani anasikiliza na kuchapa. Hivyo tu. Warithi wa kazi hiyo ndio hawa akina Sony ICD-PX470 na Philips VoiceTracer: wembamba, wepesi, betri inadumu, vina vitufe vya kurudisha nyuma sekunde chache na kupunguza mwendo wa sauti ili mtu anukuu. Vimetengenezwa ili maneno yaeleweke. Kama sauti itafanana na mwenyewe au la, hilo halikuwa shabaha ya kwanza.

Ukoo wa pili umetoka redioni na kwenye muziki. Hapa utawakuta Zoom H1n na Tascam DR-05X, na kaka zao wakubwa H4n Pro na DR-40X wenye matundu ya kuchomeka maikrofoni za studio. Utawatambua kwa maikrofoni mbili zilizojitokeza kichwani na kwa kitufe au gurudumu la kupandisha na kushusha kiwango cha kunasa. Vinakula betri haraka zaidi, na vinamtaka mtumiaji awe makini, lakini vinaipokea sauti ikiwa nzima.

Kuna pia vikalamu na vidude visivyo na jina vinavyouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Hivyo sina neno jema juu yake. Maikrofoni yake ina mchakacho wake yenyewe hata chumba kikiwa kimya, na vingi vimebuniwa kufichwa mfukoni. Nitarudi kwenye hilo la kuficha.

Sasa, kama kazi yako ni mahojiano ya mtu mmoja mmoja ambayo mwisho wake ni maandishi ya tasnifu au habari ya gazeti, mashine ya ofisini inakutosha. Usijitese kwa kukopa. Kama unakusanya nyimbo za unyago, tenzi zinazoghaniwa, ngoma, au sauti itakayorushwa redioni, nenda ukoo wa pili moja kwa moja. Na kama unarekodi wazee kwa ajili ya vizazi vijavyo, mimi nakusihi uwaweke kwenye kundi hilo la pili, hata kama wanaongea tu. Sauti ya mzee ni kumbukumbu sawa na maneno yake.

Lakini mashine yoyote utakayochagua haitakusaidia ikiwa mbali na mdomo, na hapa ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo. Wazee wetu walipima nguo kwa shubiri, dhiraa na pima. Shubiri mbili ni dhiraa moja, dhiraa nne ni pima. Chukua vipimo hivyo hivyo upimie sauti. Kila umbali kati ya mdomo na maikrofoni unapoongezeka mara mbili, msukumo wa sauti inayofika unapungua nusu. Mafundi husema sauti imepungua desibeli 6, desibeli ikiwa kipimo chao cha ukubwa wa sauti. Weka kinasa shubiri moja kutoka mdomoni, sauti imefika ikiwa na nguvu. Kisogeze hadi dhiraa, imebaki nusu. Kisogeze hadi pima moja, umepunguza nusu mara tatu: imebaki sehemu moja ya nane, desibeli 18 zimekwenda. Pangaboi, friji, bodaboda za barabarani hazikusogea popote. Zimebaki pale pale na nguvu zake zote.

Je, kwa nini mimi nililisikia jina na mashine haikulisikia, ilhali tulikuwa chumba kimoja? Kwa sababu mtu ana masikio mawili na akili inayochagua. Ukikaa harusini ngoma zikivuma, bado unamsikia jirani yako anayekunong'oneza. Maikrofoni haichagui. Inachukua kila kinachoifikia kwa kipimo chake, na ukishakisikiliza nyumbani huna tena uso wa bibi wala midomo yake ya kukusaidia kubahatisha.

Kwa hiyo kaa dhiraa moja au chini ya hapo. Zima pangaboi hata kama mtatoka jasho. Mwombe mwenye nyumba kwa adabu, mweleze sababu, hakuna mzee aliyewahi kunikatalia. Kimbia sakafu ya marumaru na kuta tupu, maana mwangwi nao unazidi kadiri unavyokaa mbali. Chumba chenye kitanda, mapazia na mkeka ni bora kuliko sebule nzuri. Na usikiweke kinasa juu ya meza kavu kavu. Kila bangili inayogusa meza, kila kikombe cha chai kinachotuliwa, kinapita kwenye mbao na kuingia kwenye mashine kama nyundo. Mimi hukunja kanga mara nne, nikaiweka chini ya kinasa, kichwa chake kikiwa kimeinuka kuelekea kidevuni kwa msemaji.

Tuje kwenye namba za boksi, kwa sababu zina maana yake. Utaona "44.1 kHz" na "biti 16", au "48 kHz" na "biti 24". Namba ya kwanza inasema mashine inapima sauti mara ngapi kwa sekunde: mara 44,100, au 48,000. Mashine inaweza kunasa mlio wenye mitikisiko isiyozidi nusu ya namba hiyo, na sikio la binadamu lenye afya linaishia karibu na mitikisiko 20,000 kwa sekunde, kwa hiyo 44.1 inatosha sikio. Namba ya pili inasema kila kipimo kimeandikwa kwa ngazi ngapi. Biti 16 ni ngazi 65,536. Biti 24 ni zaidi ya milioni 16. Ngazi nyingi zinakupa nafasi ya kunasa kwa sauti ya chini bila hofu, kisha ukaipandisha baadaye bila kuongeza mchakacho unaotokana na uchache wa ngazi.

Halafu kuna aina ya faili. WAV inahifadhi vipimo vyote kama vilivyo. MP3 inatupa sehemu ambazo hesabu zake zinadhani sikio halitazikosa. Saa moja ya WAV ya 44.1 na biti 16, njia mbili (kushoto na kulia), ni kama megabaiti 635. Saa hiyo hiyo kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ni kama megabaiti 58. Tofauti ni mara kumi na moja. Ukijua hilo, unaweza kulisoma boksi kama mtu mzima: gigabaiti 4 za MP3 ya kilobiti 128 hazifiki saa 70. Boksi likijisifu kwamba gigabaiti 4 hizo hizo zinabeba mamia ya saa, basi sauti imebanwa sana, na kitu kimekatwa.

Kimekatwa nini? Mara nyingi ni milio ya juu, na Kiswahili chetu kinaitegemea. Sema "thamani", kisha sema "samani". Tofauti yote iko kwenye pumzi nyembamba ya herufi ya mwanzo, na nguvu kubwa ya "s" iko juu ya mitikisiko 4,000 kwa sekunde. Simu ya kawaida ya zamani ilikuwa inapitisha mpaka 3,400 tu, ndiyo maana tulikuwa tunarudia kutaja herufi. Anayenukuu rekodi iliyobanwa hivyo ataandika kuwa marehemu aliacha "samani kubwa", na familia itapekua nyumba ikitafuta makochi. Kwa wanaorekodi Kiswahili cha pwani mambo ni mazito zaidi. Mzee wa Mvita akisema kaa la moto na kaa wa baharini, hasemi neno moja. Yule wa baharini ana pumzi inayotoka baada ya "k". Ndivyo ilivyo kwa paa la nyumba na paa wa porini. Pumzi hiyo ni ndogo mno, na ndiyo ya kwanza kuliwa na MP3 iliyobanwa pamoja na ule utaratibu wa "kuondoa kelele" ambao mashine nyingi huja nao ukiwa umewashwa. Uzime. Kelele unaweza kupambana nayo baadaye kwenye kompyuta, huku ukiwa na rekodi asilia. Pumzi iliyokwisha kufutwa hairudi.

Chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti, IASA, kinapendekeza kumbukumbu zisiwe chini ya 48 kHz na biti 24. Hiyo ni kama gigabaiti moja kwa saa ya njia mbili, na kadi ya gigabaiti 32 inabeba saa 30 hivi. Kwa bei za kadi za siku hizi sioni sababu ya kumrekodi mzee kwa kipimo kidogo kuliko hicho. Kwa kikao cha ushirika, MP3 ya kilobiti 128 au 192 inatosha kabisa, na ni rahisi kuituma.

Jambo la tatu ni kiwango cha kunasa, na hapa mashine za ofisini zina tabia moja ya kujua. Zinajipandisha na kujishusha zenyewe. Mtu akinyamaza, mashine inadhani yuko mbali, inafungua masikio. Mvumo wa chumba unapanda. Akianza tena kuongea, neno la kwanza linapiga kwa nguvu, mashine inashtuka na kujifunga. Ndicho kilichotokea Pangani. Katika ule ukimya wa bibi kabla ya kutaja jina, pangaboi lilipanda likajaa rekodi nzima, na jina lilipokuja lilikuwa chini yake. Kujirekebisha huku kunafaa kwenye ukumbi wenye wasemaji wa karibu na wa mbali. Kwa mtu mmoja, tafuta mashine inayokuruhusu kukuzima. Weka kiwango wewe mwenyewe: mwambie msemaji aeleze alivyoamka leo, tazama mshale wa kiwango kwenye kioo cha mashine, hakikisha akicheka au akipaza sauti haupiti desibeli 6 chini ya sifuri, na kwa kawaida unacheza karibu na 12 chini yake. Ukigusa sifuri, sauti inapasuka, na sauti iliyopasuka haina fundi.

Siku hizi kuna mashine zinazonasa kwa mfumo wa biti 32 wenye nukta inayoelea, kama Zoom F3 ya 2022 na H1essential ya 2024. Kwa lugha nyepesi, ngazi zake zinajitanua kufuata ukubwa wa sauti, kwa hiyo huna haja ya kuweka kiwango. Ukipunguza baadaye kwenye kompyuta, kilichoonekana kupasuka kinakaa sawa. Ni msaada mkubwa kwa anayehoji peke yake bila fundi mitambo. Ila usidanganyike. Haikuleti karibu na mdomo, haizimi pangaboi, na kama maikrofoni yenyewe imezidiwa na ngoma, imezidiwa.

Kitu kimoja nakiogopa kuliko vyote, nacho huuzwa kama sifa: kunasa kunakoanza mtu anapoongea na kusimama anaponyamaza, eti kuokoa nafasi. Mashine inahitaji kusikia sauti ndipo iamke, na katika kuamka huko inakosa silabi ya kwanza. Kwa lugha nyingine labda wanapoteza kidogo. Sisi tunaweka ukanushi mwanzoni mwa neno. Mzee anasema "Hatutauza shamba." Mashine inaamka ikichelewa, inanasa "tutauza shamba." Hebu fikiria rekodi hiyo ikipelekwa kwenye baraza la ardhi. Zima kitu hicho siku ya kwanza unapofungua boksi.

Maikrofoni ya nje, ile ndogo ya kubana kwenye nguo, inafuta nusu ya matatizo niliyoyataja, kwa sababu inakaa shubiri moja kutoka mdomoni siku zote. Angalia pini yake. Zinazotengenezwa kwa ajili ya simu zina mikanda mitatu myeusi kwenye pini. Za vinasa sauti zina miwili. Ukichomeka ya simu kwenye kinasa, mara nyingi utapata ukimya au mnong'ono, na watu hurudisha mashine dukani wakidhani ni mbovu. Kipo kiunganishi kidogo cha bei nafuu kinachotatua hilo. Ukiibana, iweke mbali na mkufu, na kwa mwanamke aliyevaa buibui au kanga mwombe aibane mwenyewe, juu kidogo ya kifua, pahali ambapo nguo mbili hazisuguani. Kuna pia vinasa vidogo kama Tascam DR-10L ambavyo vinakaa kiunoni na maikrofoni yake. Ukiwa na wahojiwa wanaotembea shambani, hakuna kitu bora.

Upepo: sponji nyeusi inayokuja na mashine ni ya kuzuia pumzi ya mdomo. Haiwezi kuzuia kusi ya ufukweni. Hapo unataka kofia ya manyoya. Betri: mimi huchagua zinazobadilishika, AA au AAA, kwa sababu zinapatikana hata kwenye kioski cha kijijini. Mashine yenye betri ya ndani kama Sony ICD-UX570 ni nzuri na inachajika, ila betri hiyo itazeeka na huwezi kuibadilisha kirahisi. Kadi: nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia, maana kadi bandia zipo nyingi, imeandikwa 64 ndani ina 8, na inakubali kuandika mpaka mwisho huku ikifuta ya nyuma. Ijaze faili mara moja nyumbani uzifungue zote kabla hujasafiri nayo. Angalia pia mashine inakubali kadi ya ukubwa gani. H1n, kwa mfano, inaishia gigabaiti 32. Na uweke saa na tarehe sawa, kwa sababu jina la faili linatokana nazo, na baada ya mahojiano arobaini tarehe ndiyo itakayokuambia nani ni nani.

Wengi wataniuliza kuhusu simu. Simu ya leo iliyo dhiraa moja kutoka mdomoni inashinda mashine ya gharama iliyo upande wa pili wa chumba. Nasema hivyo bila kusita. Shida yake ni kwamba simu ina kazi nyingine. Ikiita, rekodi inaweza kukatika. Programu yake inaweza kuchuja sauti bila kukuuliza. Na simu ikiisha chaji umepoteza vyote viwili. Ukilazimika, weka hali ya ndege, tafuta programu inayohifadhi WAV, na usimtumie mtu rekodi kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, unaobanwa sana. Itume kama hati, ifike kama ilivyo.

Na lile la kuficha. Sauti ya mtu ni yake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote zinamhesabu mtu anayetambulika kupitia taarifa zake kuwa na haki juu ya taarifa hizo. Kabla ya sheria kuna heshima. Mimi nataka mashine yenye taa nyekundu kubwa inayoonekana, niiweke mbele ya mzee baada ya "Shikamoo bibi" na "Marahaba mjukuu wangu", nimwonyeshe, nimwombe ruhusa, na ruhusa yenyewe niinase. Taa ikizimwa anaiona pia, anajua sasa tunapiga soga tu.

Ukifika dukani, Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, nenda na betri zako, kadi yako na hedifoni zako. Mwombe muuzaji aifungue mashine. Inase shubiri moja, dhiraa moja, kisha pima moja, na kila mara useme maneno yale yale: thamani, samani, hatutauza. Barabara itakuwa inapiga honi, na hiyo ndiyo kazi halisi itakayoifanya. Sikiliza kwa hedifoni hapo hapo. Kisha anza rekodi nyingine, na ikiendelea kunasa toa betri ghafla, kama umeme unavyotoka kwenye mashine yoyote porini. Rudisha betri, uiwashe, utafute faili. Mashine njema itakuwa imehifadhi angalau sehemu kubwa ya ulichosema. Kama haipo, au kama muuzaji amekataa usijaribu, mshukuru uende duka linalofuata.